Viwanja vya mbio za baiskeli vilivyosahaulika: vinatafutwaje, na kwa nini tuanze na wazee wetu

Mwezi Septemba 2025, kuanzia tarehe 21 hadi 28, mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani yalifanyika Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kuja Afrika. Kutoka daraja la Rusumo, hapo kwetu Ngara, hadi Kigali ni kama kilomita 160 tu. Wapo waliofuatilia kwenye simu, na wapo waliosikia kwa jirani. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 za kupanda na kushuka milima, na kati ya waendeshaji zaidi ya 160 walioanza, waliomaliza walikuwa 30. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Kwa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada.

Baada ya mashindano hayo, swali moja limekuwa likirudi kila tunapozungumzia michezo: mbio hizi za baiskeli zilianzia wapi? Zilikimbiwa wapi zamani? Na huku kwetu, je, hazikuwahi kuwepo?

Makala haya yanajibu sehemu ya swali hilo. Tutaeleza viwanja vya kwanza vya mbio za baiskeli vilikuwaje, kwa nini vingi vimepotea, na watu hutumia njia gani kuvitafuta. Mwishoni tutarudi nyumbani, kwa sababu kazi hiyohiyo inaweza kufanywa Nyabusozi, Rulenge au Kabanga, na mtu mwenye simu ya kawaida tu.

Kinasa sauti ambacho sikukiwasha

Kwanza nikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kijiji kimoja wilayani Biharamulo kurekodi kipindi cha kilimo. Tulipomaliza, mzee mmoja akaniuliza kama redio yetu inatangaza na michezo. Nikamwambia ndiyo, mpira. Akacheka, akasema wao enzi zao walishindana kwa baiskeli siku za sikukuu. Akanyoosha mkono kuelekea shamba la mihogo, akasema, "Pale kwenye ule mwembe ndipo ilipofungwa kamba ya kumalizia."

Dereva akapiga honi. Nikamwambia, "Babu, nitarudi tuongee vizuri." Kinasa sauti kilikuwa mfukoni na sikukiwasha. Niliporudi baada ya miezi, mzee alikuwa amekwisha fariki. Vijana wa pale hawakujua habari ya mbio zozote. Mwembe ulikuwepo.

Ndiyo maana naandika haya. Uwanja wa mpira una magoli, hivyo hata ukiachwa miaka kumi bado utautambua. Mbio za baiskeli zikiisha, kamba hufunguliwa na watu hurudi nyumbani. Kinachobaki ni kumbukumbu ya mtu aliyekuwepo.

Uwanja wa baiskeli ni kitu gani?

Baiskeli hushindana kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni mbio za barabarani, kama zile za Kigali. Ya pili ni mbio za uwanjani, kwenye njia ya mzunguko yenye umbo la yai. Uwanja wa namna hiyo wenzetu huuita velodromu.

Ukitazama uwanja wa baiskeli wa kisasa utashangaa kuona kona zake zimeinuka upande wa nje kama ukuta ulioegemea. Sababu yake unaijua tayari. Ukishuka mlima kwa kasi na baiskeli ukafika kwenye kona, mwili wako hulalia ndani wenyewe, na usipofanya hivyo unatoka nje ya barabara. Wajenzi wa viwanja waliona ni bora njia yenyewe ilalie ndani, ili mwendeshaji asipunguze mwendo. Uwanja wa kimataifa wa siku hizi una mzunguko wa mita 250, na kona zake zimeinuka kiasi kwamba ukizipanda kwa miguu unaweza kuteleza.

Baiskeli zinazotumika humo hazina breki, na pedeli zake huzunguka muda wote tairi linapozunguka. Huwezi kuacha kukanyaga ukapumzika kama tunavyofanya tukishuka na mzigo wa ndizi.

Lakini viwanja vya mwanzo havikuwa na mbao laini wala paa. Vingine vilikuwa vya udongo ulioshindiliwa, vingine vya saruji, na vingine vilimwagiwa mabaki ya makaa ya mawe yaliyosagika. Vingine vilikuwa majani tu: mzunguko uliochorwa kwa chokaa kuzunguka uwanja wa mpira au wa kriketi. Hivi vya majani ndivyo vigumu zaidi kuvipata leo. Mvua mbili tatu zikinyesha, chokaa imekwisha.

Vilijengwa haraka, vikafa haraka

Mbio ambazo vitabu vingi huzitaja kuwa za kwanza zilifanyika kwenye bustani ya Saint-Cloud, karibu na Paris, tarehe 31 Mei 1868. Mshindi anayetajwa ni James Moore, kijana wa Kiingereza aliyekulia Ufaransa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza zaidi. Baadaye watafiti walirudi kwenye magazeti ya miaka ile, wakayasoma toleo kwa toleo, wakakuta mbio nyingine zilizokuwa zimetangulia hukohuko Ufaransa. Tukumbuke mfano huu, tutauhitaji mbele: jambo linaweza kurudiwa na kila mtu na bado lisiwe sahihi.

Nchini Uingereza, mji wa Brighton una uwanja wa baiskeli uliotengenezwa mwaka 1877 kwenye bustani ya Preston Park. Wanajeshi waliuchimba kwa mikono. Bado unatumika, na unahesabiwa kuwa mkongwe kuliko vyote duniani.

Miaka ya 1890 baiskeli zilipata umaarufu mkubwa. Tairi za kujazwa upepo zilikuwa zimeingia, bei ilianza kushuka, na watu mijini walilipa kiingilio kutazama mbio. Jiji la London peke yake lilikuwa na viwanja kadhaa: Putney, Catford, Wood Green, Herne Hill na vingine. Leo kati ya hivyo vinne umebaki Herne Hill, uliofunguliwa mwaka 1891 na kutumika kwenye michezo ya Olimpiki ya 1948. Nao ulikaribia kufungwa, ukaokolewa na wakazi na waendesha baiskeli waliokataa usife.

Vile vingine vilikwenda wapi? Havikuchukuliwa na vita wala mafuriko. Jiji lilikua, ardhi ikapanda bei, watazamaji wakahamia kwenye mpira na magari, na mwenye kiwanja akauza. Zikajengwa nyumba. Anayeishi humo leo huenda hajui kwamba chumba chake cha kulala kiko pale walipokuwa wakipita washindani.

Na kuna viwanja ambavyo kusahaulika kwake kungekuwa dhambi. Jijini Paris palikuwa na uwanja wa baiskeli wa ndani ulioitwa Vélodrome d'Hiver, uliojengwa mwaka 1910. Mwezi Julai 1942, wakati Wajerumani wameikalia Ufaransa, polisi wa Kifaransa waliwakamata Wayahudi wapatao 13,000, na maelfu yao, wakiwemo watoto wengi, walifungiwa kwenye uwanja huo kwa siku kadhaa kabla ya kusafirishwa kwenda kuuawa. Jengo lilibomolewa mwaka 1959. Kama watu wasingeendelea kutaja jina la mahali pale, ingebaki mitaa na majengo tu. Kwa hiyo mtafiti wa viwanja vya michezo mara nyingine anakuta zaidi ya michezo.

Alama tano ambazo watafiti hufuata

Mtu akitaka kujua uwanja wa zamani ulikuwa wapi, hutafuta alama za aina tano.

Ya kwanza ni magazeti ya wakati ule. Aliyeandaa mbio alihitaji watazamaji, kwa hiyo alitangaza. Tangazo hutaja siku, kiingilio na mahali. Kesho yake matokeo yalichapishwa: nani wa kwanza, mizunguko mingapi, dakika ngapi. Ukijua mizunguko na umbali, unaweza kupiga hesabu ya ukubwa wa uwanja hata kama haujawahi kuuona.

Ya pili ni ramani na picha za kutoka angani. Ramani za zamani za miji zilichora hata viwanja vya michezo. Mtafiti huchukua ramani ya miaka ile, akailinganisha na ya leo, akatafuta umbo la yai. Mara nyingi mtaa mmoja hupinda bila sababu wakati mingine yote imenyooka. Huo mpindo unaweza kuwa ulifuata kona ya uwanja.

Ya tatu ni majina. Jina la mahali hukaa kuliko kitu kilicholizaa. Sisi wa Ngara tunao mfano mzuri: Benaco. Dunia ilijua jina hilo mwaka 1994, pale watu wapatao robo milioni walipovuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, mwishoni mwa mwezi Aprili. Lakini Benaco si neno la Kihangaza wala Kishubi. Ni jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi iliyokuwa na kambi pale. Kampuni iliondoka na jina likabaki. Ndivyo na mitaa ya miji mingine inavyobaki na jina la uwanja ambao haupo tena.

Ya nne ni vitu vya nyumbani: kikombe, medali, cheti, picha iliyofifia ukutani. Nyuma ya picha mara nyingi pameandikwa mwaka na mahali. Kikombe huchongwa jina la mashindano. Familia huvihifadhi bila kujua kwamba ndani yake mna habari isiyopatikana popote.

Ya tano ni ardhi yenyewe. Udongo ulioshindiliwa miaka mingi hauoti majani sawa na wa pembeni. Kona iliyoinuliwa huacha tuta. Ukipita asubuhi na mapema au jioni, wakati kivuli ni kirefu, tuta dogo ambalo mchana hulioni linajitokeza.

Hakuna alama hata moja inayotosha peke yake. Kazi ya mtafiti ni kuzikutanisha. Gazeti linasema mbio zilifanyika mashariki mwa mji, ramani inaonyesha umbo la yai hukohuko, mtaa una jina la ajabu, na bibi mmoja ana picha. Hapo ndipo anaweza kusema bila kusita: ulikuwa hapa.

Asmara, mji ambao barabara ndiyo uwanja

Hayo yote ni ya Ulaya. Je, Afrika Mashariki? Mji ambao historia yake ya mbio za baiskeli inajulikana vizuri zaidi katika upande wetu huu wa Afrika ni Asmara, mji mkuu wa Eritrea. Uko juu milimani, kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na barabara ya kwenda bandari ya Massawa hushuka kutoka huko hadi pwani. Mtu anayejizoeza kwenye mlima huo anapata mapafu na miguu.

Eritrea ilitawaliwa na Italia tangu mwaka 1890. Miaka ya 1930 Waitalia walifurika Asmara, wakajenga majumba ambayo leo ni urithi wa dunia unaotambuliwa na UNESCO tangu 2017. Walikuja na kahawa yao na baiskeli zao. Vilabu vya mbio viliundwa, na mbio zilikimbiwa barabarani, kwenye mitaa ya katikati ya mji.

Anayetafuta habari za mbio hizo hukutana na kikwazo cha kwanza: barabara kuu ya Asmara imebadilishwa jina kila utawala ulipobadilika. Enzi ya Mafashisti iliitwa kwa jina la Mussolini. Ethiopia ilipoitawala Eritrea ikaitwa kwa jina la Mfalme Haile Selassie. Leo inaitwa Harnet, maana yake uhuru kwa Kitigrinya. Mtu akitafuta mbio za mwaka 1938 kwa jina la Harnet hatapata kitu, kumbe ni barabara ileile.

Kikwazo cha pili ni kikubwa zaidi. Sheria za ubaguzi za wakati ule ziliwatenga Waeritrea na Waitalia, hata michezoni. Waeritrea walikuwa na baiskeli, walikuwa na nguvu, lakini hawakuruhusiwa kushindana na Waitalia. Mwaka 1939 yakaandaliwa mashindano ya kuwapambanisha, kana kwamba ni jaribio la kuona nani zaidi. Mshindi akawa Mweritrea, Ghebremariam Ghebru. Waliotaka kuonyesha kwamba mtawala ana nguvu kuliko mtawaliwa walipata jibu wasilolitarajia.

Mwaka 1946, Waingereza wakiwa wameshika utawala baada ya Italia kushindwa vitani, Waitalia wa Asmara waliandaa mzunguko wa kwanza wa Eritrea, wa hatua tano. Baadaye mzunguko huo ulikatika kwa miaka mingi sana, ukarudi mwaka 2001, nchi ikiwa huru.

Lakini katika miaka yote hiyo ambayo mzunguko haukuwepo, Asmara haikuacha baiskeli. Baba alimfundisha mtoto, mtaa ulishindana na mtaa. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot alivaa jezi ya mfalme wa milima kwenye Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kuivaa. Mwaka 2024 Biniam Girmay, aliyezaliwa Asmara, alishinda hatua tatu za mbio hizohizo na kuondoka na jezi ya kijani.

Linganisha sasa. Viwanja vya London vilikuwa vya saruji na vimesahaulika. Njia ya Asmara haikujengwa hata tofali moja kwa ajili ya baiskeli, na haijasahaulika, kwa sababu watu hawakuacha kuitumia wala kuielezea. Uwanja hauhifadhiwi na saruji. Huhifadhiwa na watu wanaojua kilichotokea pale na wanaoendelea kusema.

Karatasi ina matundu

Habari ya Ghebru inatufundisha jambo jingine. Magazeti ya zamani ni hazina, lakini yaliandika habari za wale walioruhusiwa kuingia. Ukisoma karatasi peke yake utadhani Waafrika hawakupanda baiskeli.

Haikuwa Afrika tu. Marekani alikuwepo mtu mweusi aliyeitwa Major Taylor, bingwa wa dunia wa mbio fupi za uwanjani mwaka 1899, kwenye mashindano yaliyofanyika Montreal, Kanada. Wakati wake alijulikana Marekani, Ulaya na Australia, ingawa nyumbani kwao kuna viwanja vilivyomfungia mlango kwa sababu ya rangi yake. Alifariki Chicago mwaka 1932 akiwa maskini, akazikwa kwenye kaburi lisilo na jina. Mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani, wakisaidiwa na mwenye kampuni ya baiskeli za Schwinn, walimtafuta, wakamhamishia kwenye kaburi la heshima na kuweka jina lake. Bingwa wa dunia alikaa miaka 16 bila alama, hadi watu waliomkumbuka walipoamua kusema.

Na wakati mwingine karatasi hukatwa na vita. Mzunguko wa Rwanda ulianza mwaka 1988. Ukaja wakati wa vita, kisha mauaji ya kimbari ya 1994, mbio zikasimama. Zilirudi mwaka 2001. Miaka zaidi ya kumi ilipita bila mzunguko. Katika muda kama huo, kinachobaki cha michezo ya nyuma ni kile ambacho watu walionusurika wanacho kichwani.

Turudi nyumbani

Sasa tuseme wewe, msikilizaji wa Nyabusozi, unataka kujua kama kijijini kwenu kuliwahi kuwa na mbio za baiskeli. Utaanzia wapi?

Ukianza na karatasi, kumbuka somo la barabara ya Asmara: tafuta kwa majina ya zamani. Mkoa wetu haukuitwa Kagera kabla ya mwaka 1979. Uliitwa Ziwa Magharibi. Ngara ya leo utaikuta ikiandikwa kwa majina ya Bugufi na Bushubi. Enzi za Waingereza, maofisa wa wilaya waliandika vitabu vya wilaya, na kumbukumbu za namna hiyo hutunzwa kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Lilikuwepo pia gazeti la serikali la Kiswahili, Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 na lililochapisha habari na barua kutoka wilaya mbalimbali. Kama una kijana anayesoma chuo Dar es Salaam, mwombe siku moja aingie huko akuangalizie.

Lakini kwa hali zetu, mahali pa kuanzia ni kwa wazee. Mzee aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Uhuru mwaka 1961 leo amepita miaka 80. Huyo ndiye gazeti letu. Na gazeti hili halina nakala ya pili.

Haya ni mambo ninayoyafuata mimi nikirekodi, na yanafaa kwa simu yoyote yenye kinasa sauti.

Nenda kwa heshima na muda wa kutosha. Toa shikamoo, kaa chini, ulizia afya na watoto. Mweleze mzee unachotafuta na umwombe ruhusa ya kumrekodi. Akikataa, sikiliza tu.

Anza na baiskeli, usianze na mbio. Ukimuuliza mtu "mlishindana lini?" atakuambia hakumbuki. Ukimuuliza "baiskeli yako ya kwanza ilikuwa aina gani?" macho yatang'aa. Atakutajia Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, au Swala iliyotengenezwa hapahapa Tanzania. Atakwambia aliinunua kwa pesa ya kahawa, pamba au ng'ombe gani. Kutoka hapo mbio zitakuja zenyewe.

Uliza mahali kwa kitendo. Mlianzia wapi? Mligeuzia wapi? Kamba ilifungwa kwenye nini? Watazamaji walisimama upande gani? Kama ana nguvu za kutembea, mwombe akuonyeshe. Mguu hukumbuka njia ambayo mdomo umeisahau. Mkifika, piga picha ya mahali pale na yeye akiwa amesimama, kama atapenda.

Usilazimishe mwaka. Tumia matukio. Ilikuwa kabla au baada ya Uhuru? Kabla au baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967? Kabla ya watu kuhamishiwa vijijini miaka ya katikati ya 1970? Kabla ya vita vya Kagera, 1978 na 1979? Kabla ya wakimbizi wa 1994? Kwa njia hiyo utapata muda bila kumchosha. Swali la kuhamia vijijini ni muhimu sana, kwa sababu kijiji chenu cha leo huenda hakipo pale kilipokuwa, na uwanja wa zamani ukabaki kwenye mahame.

Uliza nani hakuruhusiwa. Je, wanawake walipanda? Vijana wasio na baiskeli walifanyaje, waliazima? Hapa ndipo utapata habari ambazo hakuna gazeti lingeandika.

Waulize na mafundi. Fundi baiskeli mkongwe anajua nani aliondoa keria na madgadi ili baiskeli iwe nyepesi, na nani alikuja kunyoosha tairi lililopinda siku moja baada ya sikukuu.

Kuhusu kurekodi kwenyewe: kaa mbali na redio inayolia, mashine ya kusaga na upepo. Simu iwe karibu na mdomo wa mzee, si karibu na wako. Mwanzoni kabisa taja tarehe, jina la kijiji, jina lake na lako. Rekodi isiyo na jina ni sauti tu baada ya miaka mitano. Ukifika nyumbani, mtumie ndugu mmoja nakala, maana simu huibiwa na huanguka majini.

Usiamini haraka, wala usidharau

Tulisema kuhusu Saint-Cloud kwamba jambo linalorudiwa na wote linaweza kukosea. Kwa hiyo, ukisikia kwamba fulani alikuwa bingwa wa wilaya, mtafute mzee wa pili, ikiwezekana wa kijiji kingine, umuulize bila kumwambia ulichosikia. Kama majibu yanaoana, andika. Kama yanatofautiana, andika yote mawili na jina la kila aliyesema. Kisha tafuta kitu kimoja cha kushika: picha, cheti, risiti ya baiskeli, mti, jiwe.

Unaweza pia kufungua ramani ya setilaiti kwenye simu yako na kulitazama eneo kutoka juu. Njia ya zamani iliyoachwa mara nyingine huonekana kama mstari mwembamba unaokata mashamba, wakati ukiwa chini huoni kitu.

Na usikate tamaa ukikuta "uwanja" wenyewe ulikuwa barabara ya vumbi kutoka shuleni hadi mnadani. Asmara nayo ilianza na barabara.

Mtu anaweza kuuliza: faida yake nini, wakati tuna shida ya maji na bei ya kahawa? Ni swali la haki. Jibu langu ni hili. Kijana wa Ngara akitazama mbio za Kigali anaona kitu cha wageni kilichokuja na magari na kamera, kikaondoka. Akijua kwamba babu yake aliwahi kupanda mlima uleule anaoupanda yeye na ndoo za maziwa, na watu wakasimama kumshangilia, ataitazama baiskeli yake kwa jicho lingine. Pia kipande cha ardhi chenye historia ni kigumu zaidi kugawiwa kimyakimya kuliko kile ambacho hakuna anayejua kilikuwa nini.

Mimi sikuwasha kinasa sauti changu siku ile. Najua palipo mwembe, lakini sijui mbio zilianzia wapi, zilikuwa za umbali gani, wala nani alifika wa kwanza. Aliyekuwa anajua alikuwa tayari kuniambia, na mimi nilikuwa na haraka.

Jumapili hii, kabla hujamaliza salio la intaneti, mpelekee mzee mmoja kahawa. Mwamkie, kaa naye, kisha muulize baiskeli yake ya kwanza ilikuwa aina gani.